Ndiva ya Nakijwa

Taasisi ya Taswira ilipotua Mreshe hakuna mtu aliyebaki jikoni. Chombo chao cheupe kilishuka uwanjani taratibu, kikatimua vumbi mpaka ndani ya masufuria ya makande, na kina mama wakakisonya kwanza ndipo wakakipigia vigelegele. Ndivyo walivyo watu wa milima ya Upare: mgeni atasifiwa, lakini kosa lake litatajwa kwanza.

Mwalimu Namkunda Mfinanga alisimama mlangoni mwa darasa la sita, mikono kifuani, akijitahidi uso wake usionyeshe kitu. Wapi! Furaha ilikuwa imempanda hadi mashavuni. Alikuwa amefundisha hesabu shuleni hapo tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti, na katika miaka yote hiyo Taasisi haikuwahi kupanda mlima kuja kumsifu mtu. Walipanda kukagua. Walipanda kukaripia. Mara moja walipanda kwa makosa, kumbe walikuwa wanatafuta shule nyingine, wakanywa chai na kuondoka bila hata kuaga vizuri. Leo wamekuja kwa ajili ya mwanafunzi wake.

Aliyeshuka chomboni alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti la bluu, umri wa kuweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Alikuja moja kwa moja, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ndiye Kokushubila, mkuu wa taswira za hesabu."

"Marahaba, Daktari. Karibu Mreshe. Pole na baridi."

"Yuko wapi huyo mtoto wa maji?"

"Yupo, hakimbii. Utakula kwanza."

"Nimekula njiani, Mwalimu."

"Umekula kwenu. Hapa hujala," Mwalimu Namkunda alisema, na Daktari akaletewa sahani ya makande iliyojaa mpaka ukingoni, vumbi lake mwenyewe likiwa ndani. Akala, akamaliza, na sifa zake zikaanza kupanda pale kijijini.

Darasani watoto walikuwa wamekaa wima kama mishumaa ya kanisani. Nyuma ya sikio la kila mmoja kulikuwa na kibandiko, kitu chembamba kama ganda la kitunguu. Kila mtoto nchini hubandikwa kimoja afikapo darasa la tatu, na kina kazi mbili. Kwanza kinamwekea kichwani Ngazi, ile ile moja kwa watoto wote: namba chanya zinapanda, namba hasi zinashuka, sifuri ni sakafu. Pili, mtoto anapopiga hesabu, kile anachokiona kichwani kinajitokeza ukutani mbele ya darasa, ili mwalimu asikisie. Zamani mwalimu alikuwa akiuliza, "Mmeelewa?" na watoto wakidanganya, "Ndiyooo!" Siku hizi ukuta hausemi uongo.

"Hasi tatu mara hasi mbili," Daktari Kokushubila aliuliza.

"Chanya sita!" darasa likajibu kwa sauti moja. Ukutani ngazi zikawaka safu kwa safu, zote sawasawa, zikageuka mara moja, zikageuka mara ya pili, zikatulia kwenye sita.

"Vizuri sana. Kwa nini?"

Kijana mmoja wa mbele aitwaye Kangero, hodari wa kujibu, akainua mkono. "Kwa sababu hasi na hasi ni chanya, Daktari."

"Sawa. Na hiyo ni kwa nini?"

Kangero akatazama ukuta, akatazama dari. "Ndivyo ilivyo, Daktari."

"Ndivyo wanavyonijibu nchi nzima," Daktari alimwambia Mwalimu. "Wanajua kugeuka. Hawajui kwa nini wanageuka. Wakifika sekondari wanaanguka kama maembe mabovu."

Hapo ndipo mkono wa Nakijwa ulipopanda. Alikuwa msichana mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyoachana, anayeongea kwa haraka kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya maneno. Katika safu ile ya ngazi ukutani kulikuwa na dirisha moja lisilo na ngazi, na hilo lilikuwa lake. Ngazi ilikataa kumshika. Walimbandika, wakambandua, wakambandika upya. Mwishowe ukuta ukaonyesha kitu kimoja tu: ndiva.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa. Wapare wamekuwa wakiyachimba mabwawa haya mlimani tangu enzi za mababu. Chemchemi inalijaza, asubuhi linafunguliwa, na maji yanateremka kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Ndani yake husimama kijiti chenye mikato ya kupimia. Na sifuri ya kijiti hicho haiko chini kabisa kwenye tope. Iko katikati. Maji ya juu ya alama ni ya leo, hayo mnagawana. Maji ya chini ya alama ni ya siku za ukame, na ukiyagusa umekula cha watoto wako. Mkaguzi wa kwanza aliyeiona picha ya Nakijwa, mtu wa mjini asiyewahi kuona bwawa lenye adabu, aliandika: "Hitilafu. Sifuri inaelea." Mwalimu Namkunda alicheka siku ile mpaka akakaa chini.

"Mimi naona maji, Daktari," Nakijwa alisema. "Ndiva imefunguliwa. Kila saa maji yanashuka mikato mitatu, hiyo ndiyo hasi tatu. Sasa hivi maji yako kwenye sifuri. Daktari hujaniambia niende mbele, umeniambia hasi mbili, kwa hiyo narudi nyuma saa mbili. Saa mbili zilizopita maji yalikuwa wapi?"

Ukutani maji yakaanza kupanda kijitini, mkato kwa mkato, mfereji ukinywa kinyumenyume. Yakasimama.

"Juu," Daktari akasema polepole. "Mikato sita juu."

"Ndiyo hiyo chanya sita. Hakuna aliyegeuka. Maji yalikuwa mengi zamani, basi."

Daktari Kokushubila alicheka kicheko cha mtu aliyeokota kitu njiani. Akamgeukia Mwalimu, macho yakimng'aa, na Mwalimu Namkunda akajikuta amenyoosha shingo kama jogoo. Msimlaumu. Hata wewe ungenyoosha.

*

Ofisi ya Mwalimu ilikuwa na meza moja na viti viwili visivyolingana. Daktari akapewa kile kizima.

"Mwalimu, sitazunguka," alisema. "Ngazi imechoka. Tunataka kuiondoa nchi nzima na kuweka Ndiva. Kila mtoto wa darasa la tatu atawekewa. Itaitwa Ndiva ya Nakijwa, na chini yake litaandikwa jina la mwalimu wake na la shule yake."

Mwalimu Namkunda aliweka kikombe chake cha chai mezani. Mreshe! Kijiji ambacho hata barua zilikuwa zikipotea njiani. Mtoto wa Kigoma, mtoto wa Mtwara, mtoto wa Tarime, wote wapige hesabu kwa maji ya Mreshe!

"Wengine hawajawahi kuona ndiva," alisema, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

"Wataiona. Itakuwa kichwani mwao."

"Na mtoto mwenyewe?"

"Atasoma popote atakapo. Atajulikana." Daktari akasita, akachezea kishikio cha kikombe. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulikuwa unamkaba. "Kuna jambo moja la kiufundi. Watoto mamilioni watakuwa wamefungwa kwenye taswira moja. Chanzo kikitikisika, wote wanatikisika. Mtoto wa Songea atakuwa katikati ya hesabu yake, maji yaondoke. Kwa hiyo chanzo lazima tukigandishe."

"Chanzo ndiyo nini?"

"Chanzo ndiye yeye."

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za mapumziko. Mwalimu Namkunda aliwasikiliza kidogo.

"Kumgandisha vipi? Sema kwa Kiswahili cha nyumbani, Daktari."

"Haumii. Hasahau kitu. Ila ile ndiva inabaki kama ilivyo leo. Hawezi kuibadilisha wala kuweka picha nyingine ya namba mahali pake."

"Akitaka kuona kitu kingine?"

"Tumewafanyia majaribio watu wazima waliojitolea, Mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyetaka."

"Baada ya kugandishwa, hawakutaka."

"Ndiyo."

"Sasa binti yangu, watatakaje?"

Daktari akatoa mkobani kibao cheusi, laini, akakiweka mezani. Sheria ilidai vidole viwili, cha mzazi na cha mwalimu. Upande wa kushoto wa kibao alama ya kidole gumba ilikuwa tayari inang'aa.

"Baba yake ameweka asubuhi, aliponifuata nilipokuwa nakula," Daktari alisema. "Nimemweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Kesho wazazi wote watakuja uwanjani. Ningeomba uweke mbele yao, wafurahi."

*

Jioni jua likiwa bado juu ya mlima, Mwalimu alimfuata Heriel Mshana, baba yake Nakijwa, kwenye ndiva yenyewe. Kijiji kizima kilikuwa huko kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, wakizoa tope ili wageni wakija kutazama bwawa walikute linapendeza. Heriel alikuwa ndani ya maji hadi magotini, suruali imekunjwa, anaimba kuliko wote.

"Mwalimu!" akapaza sauti. "Umeweka kidole?"

"Bado."

Wimbo ukakatika. Heriel akatoka majini, akafuta mikono kwenye suruali, akamsogeza kando, mbali na masikio ya watu.

"Bado kwa nini? Mbuzi nimeshamfunga."

"Heriel, umeelewa kugandishwa ni nini?"

"Nimeelewa. Mtoto atabaki na akili yake nzuri, haitapotea. Mzazi gani atakataa?" Akamtazama kwa jicho la kusihi. "Mwalimu, wanatusema sisi. Wanasema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mimi leo nimeshinda bila kuuza ng'ombe! Mtoto wangu! Mimi niliyeishia darasa la nne kwa sababu hesabu zilinipiga kama mvua ya mawe. Chanda chema huvikwa pete, Mwalimu."

"Pete, sawa. Isiwe pingu."

"Unamwonea wivu mtoto?"

Neno lilimchoma, tena lilimchoma kwa sababu wivu haukuwapo. Kilichokuwapo ni tamaa. Alilitaka jina lile chini ya picha. Alilitaka sana, na aliona aibu jinsi alivyolitaka. Alikuwa amekwisha kulisoma moyoni mara kadhaa: *mwalimu wake, N. Mfinanga*. Lilisomeka vizuri.

Akashindwa kumjibu Heriel, akateremka hadi kwenye mdomo wa mfereji alipokuwa Nakijwa, ananawa tope miguuni.

"Nakijwa, hii ndiva uliianza kuiona lini?"

"Vuli iliyopita, Mwalimu."

"Na kabla ya vuli? Ngazi haikushika. Ulikuwa unaona nini?"

Msichana akacheka, akaziba meno kwa kiganja. "Makande."

"Makande?"

"Mahindi ni chanya, maharage ni hasi. Hindi moja na haragwe moja yakikutana yanaliwa, hakuna kitu. Nilikuwa najumlisha vizuri sana. Wewe hukuona kwa sababu kibandiko changu kilikuwa kimeharibika wakati ule, walikuwa wanakibadilisha kila siku."

"Sasa mbona uliyaacha?"

"Yalishindwa kuzidisha," Nakijwa alisema, kama mtu anayesema viatu vilimbana. "Hasi mara hasi, maharage yananitazama tu. Nikawa nakuja hapa na Baba, nikawa natazama kijiti. Nikaona haya maji ndiyo yanaweza. Nikahama."

Nikahama. Mwalimu Namkunda alisimama pale, miguu yake ikizama kidogo kidogo kwenye tope. Watu wote walikuwa wanaitazama nyumba na kuisifu. Mtoto alikuwa anahama, na kesho wangempigilia mlango misumari akiwa ndani.

Lakini je, ana hakika? Huenda mtoto amefika mwisho wa kuhama kwake. Wako wanaohama mara moja wakatulia maisha, na kumnyima mtoto wa namna hiyo heshima ya nchi nzima, kwa hofu ya mwalimu mmoja mzee, kungekuwa dhambi. Alirudi nyumbani bila kuaga, akiwa amekwisha kuchagua swali lake.

*

Uwanja ulijaa. Turubai jeupe lilitundikwa ukutani mwa shule ili taswira ionekane na wote. Heriel alivaa koti la harusi yake, halikufunga tena. Daktari Kokushubila alizungumza vizuri na kwa ufupi, akawasifu watu wa Mreshe kwa kuchimba bwawa lenye akili, wakapiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Kisha akamletea Mwalimu kile kibao.

Mwalimu Namkunda alikitazama. Akawatazama watu wake.

"Ndugu zangu," alisema, "leo nina furaha kuliko siku niliyoajiriwa. Kidole changu hiki hapa, kisafi, nimekiosha. Nitakiweka. Ila kwanza nitamuuliza mwanafunzi wangu swali moja. Ndiva ikilijibu, basi inatosha mtu kukaa ndani yake maisha yake yote, nami naweka."

"Uliza!" watu wakasema, wakicheka. Nani alikuwa na wasiwasi na ndiva?

"Nakijwa. Nipe namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata hasi moja."

Daktari alimsogelea haraka. "Mwalimu, hilo si swali la mtoto," alinong'ona. "Hilo ni la kidato cha sita na kuendelea. Utamwaibisha."

"Najua," Mwalimu alisema. Na alijua kweli. Mtoto akishindwa tu, bila zaidi, yeye ndiye atakuwa amemvua nguo mbele ya kijiji, na bado atalazimika kuamua.

Kwenye turubai ndiva ikatokea, kijiti katikati. Maji yakapanda mkato mmoja juu ya sifuri, yakajizidisha, yakabaki juu. Yakashuka mkato mmoja chini, yakajizidisha, yakarudi juu. Nusu mkato. Robo. Juu, juu, kila mara juu. Watoto wenye Ngazi nao walikuwa wanajaribu midomo ikichezacheza, na Kangero alikuwa amekwisha kukata tamaa na kuanza kutazama mbuzi.

"Haipo, Mwalimu," Nakijwa akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Minong'ono ikapita uwanjani. Heriel akainuka, koti likamfunguka. "Imetosha! Mwalimu, unamtesa mtoto wa watu kwa nini? Weka kidole!"

"Haipo wapi, Nakijwa?" Mwalimu aliuliza, hakumtazama Heriel.

"Haipo ndani ya maji. Maji yanapanda na kushuka tu. Hayana kwingine."

"Na nje ya maji?"

Mama mmoja akaanza kusali. Kisha ndiva ikafifia kwenye turubai, maji, kijiti, mfereji, vyote, pakabaki peupe. "Kimeharibika!" mtu akapiga kelele. Daktari akaangalia chombo chake cha mkononi, akatikisa kichwa. Hakikuharibika.

Nakijwa alikuwa ameinuka kitini. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Hasi moja ni kugeuka," alisema, akiongea na miguu. Alikuwa amewaelekea watu. Akageuka, akawapa mgongo. "Hivi. Ukigeuka tena unarudi." Akageuka, akawaelekea. "Hiyo ndiyo chanya. Sasa mimi nataka kitu... nikikifanya mara mbili, niwe nimegeuka mara moja."

Akajaribu kuruka. Akajaribu kuchuchumaa, watu wawili watatu wakacheka, wakanyamazishwa. Akasimama tena. Polepole mno akazungusha mguu wa kulia, mwili ukafuata, akawa ameelekea mlimani, bega moja kwa watu.

"Kona," akasema.

Akafanya tena vile vile. Sasa alikuwa amewapa watu mgongo.

"Kona na kona ni kugeuka!" akapiga ukelele akiwa bado amewapa mgongo, kisha akakumbuka adabu akawageukia. "Mwalimu! Ipo! Iko pembeni! Nilikuwa naitafuta juu na chini, kumbe iko pembeni!"

Kwenye turubai ukatokea mstari mmoja uliosimama, namba zake juu na chini. Halafu kutoka kwenye sifuri ukachomoza mwingine, ukaenda kando, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na namba yoyote kichwani mwa mtoto yeyote wa nchi hii. Daktari Kokushubila aliweka mkono mdomoni, akauacha huko.

"Kwenye Ngazi hakuna pembeni," Kangero alisema kwa masikitiko, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu Namkunda alitaka kulia na kucheza kwa pamoja. Akajikaza, maana somo lilikuwa halijaisha. Picha bila alama hupotea kama ndoto ya asubuhi. "Utaiandikaje?" aliuliza. "Hiyo namba haina sura. Ipe sura, mwenzako asiyekuona ukigeuka aweze kuisoma."

Nakijwa akachukua kijiti, akainama vumbini. Akachora mstari mdogo uliosimama, akaukunja mwishoni kuelekea kando. "Hiki ni kiwiko," alisema. Akaandika: kiwiko mara kiwiko, sawasawa na hasi moja. Watoto wenzake wakamzunguka, na kabla mtu hajawaambia kitu wakaanza kugeuka, robo kwa robo, wakigongana mabega, wakicheka. "Viwiko vitatu ni wapi?" mmoja akauliza. "Vinne je?" Wengine wakaanza kubishana.

Mwalimu alichukua kile kibao mkononi mwa Daktari.

"Nijibu mbele ya baba yake," alisema kwa upole. "Mngemgandisha jana, leo angesimama?"

Daktari Kokushubila alikuwa na cheo, na alikuwa na chombo cheupe kinachomsubiri, na wakubwa walioahidiwa ndiva. Alivuta pumzi.

"Asingeinuka kitini," alisema. "Angesema haipo, na angeamini."

Heriel Mshana alimtazama binti yake aliyekuwa anazunguka na wenzake vumbini. Alitazama kwa muda. Halafu akamwendea Daktari, akanyoosha kidole gumba.

"Futa hiki."

"Bila cha Mwalimu, Mzee, hicho ni jasho tu."

"Futa hata jasho," Heriel alisema. Daktari akafuta kwa mkono wa koti lake la bluu, na Heriel akaangalia mpaka kibao kikawa cheusi kitupu. Ndipo akamgeukia Mwalimu. "Nilikwambia una wivu."

"Uliniambia."

"Mimi ni mpumbavu."

"Wewe ni baba. Nenda kachinje mbuzi, watu wana njaa."

Kina mama wakaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Mnataka kutusuka wote mtindo mmoja?" Makofi yakapigwa kuliko yale ya kwanza.

"Sasa nirudi na nini?" Daktari Kokushubila aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepotelewa na mzigo akagundua mabega yamepumzika.

"Rudi na swali. Waambie walimu wamuulize kila mtoto, 'Wewe unaona nini?' Kisha wanyamaze, wasubiri. Mtoto akichoka na picha yake, mwacheni ahame. Ndiva tunawapa bure, waionyesheni yeyote anayependa. Ila msimjengee mtu kichwani mlango usiofunguka."

"Watasema ni kazi ndefu."

"Ni ndefu. Mimi nimeifanya hapa, na umekula makande yake."

Jina lake halingeandikwa popote. Alilifikiria jambo hilo mara moja, akasubiri limuume, halikuuma. Alimwita Nakijwa, akamgeuza kichwa kwenye mwanga, akashika ukingo wa kibandiko nyuma ya sikio. Kilikuwa kimeshika sana kwa jasho la kuzunguka. Akakibandua taratibu kama anavyobanduliwa mtoto plasta, na turubai likazimika, likabaki shuka jeupe linalopepea.

Shingo zikanyooka kulitazama shuka. Watu walikuwa wamezoea kuona.

"Haya, mama," Mwalimu Namkunda alisema. "Unaona nini sasa?"

Nakijwa alifumba macho. Midomo yake ikatabasamu yenyewe, pengo la meno likaonekana, na kichwa kikainama upande mmoja kufuata kitu ambacho hakuna mwingine Mreshe, wala Taasisi nzima, angeweza kukiona.

"Sikwambii, Mwalimu," alisema. "Bado naichora."

Mwalimu Namkunda Mfinanga akacheka hadi machozi, akamkumbatia mbele ya kijiji kizima. Katika majibu yote ya hesabu aliyowahi kupewa maishani, hakuna lililowahi kumjaza fahari kama lile.